Nukta Iliyowasalimia Watu wa Katoyi

Kutoka nyumba ya Bénédicte Nshobole hadi kazini kwake ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Mutoto mwenye bidoni ya maji kichwani anatumia kumi na tano. Nshobole mwenyewe anatumia saa moja na nusu, na kama ni siku ya soko, tuache tu. Miguu yake haina shida. Shida ni kwamba mwanamuke huyu hajui kupita mutu bila kumupa mukono, na mukono wake si wa kugusa na kuachia, ni mukono wenye maswali. Mumelalaje? Goti la muzee linaendeleaje? Ile mbuzi ilipatikana? Mulishakula? Anasimamisha mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, aliyebeba magunia sita ya makala ya kupikia kwenye muteremuko, eti amuulize habari ya muke wake. Akiona mutu juu ya paa anapigilia mabati, anamungoja ashuke. Watu wa Katoyi wanamupenda sana, na wale wenye haraka wanapitia njia ya nyuma.

Sasa mutu wa namna hiyo alipata kazi gani? Mungu naye ana mucheko wake. Katika Goma nzima, kazi ambayo salamu moja inaweza kuiua ni moja tu, na ndiyo aliyopewa Nshobole.

Labo, yaani maabara, iko hapo hapo Katoyi, nyuma ya ukuta wa mawe meusi ya volkano. Ndani mule kuna mashini iliyotoka Ulaya ndani ya masanduku kumi na moja. Wenye kusoma sana mutanisamehe, nitaieleza kama nilivyoelezwa. Mashini inachukua hewa kidogo, inazinyang'anya atomu zake umeme kidogo hadi zinageuka kuwa ayoni, halafu inazisukuma kwa umeme mukali ndani ya bomba refu ambalo halina pumzi hata ya kumutosha inzi. Ayoni zinatoka mbio kwa mustari mumoja, na mustari huo ndio mwali. Ukiweka mbele yake jivu la Nyiragongo au jiwe lolote la milimani, mwali unalipiga na jiwe linakutajia kila kitu kilichomo, bila wewe kulisaga. Kwa muji unaokaa chini ya volkano, na wenye watu kila siku wanauza mawe ya madini, jambo hili si mucheko.

Nshobole ndiye mwenye kuuendesha na kuuchunga huo mwali. Anakaa mbele ya meza ya vifungo, macho kwenye skrini, na katika skrini kuna duara lililochorwa kwa wino na ndani ya duara nukta ya kijani. Ile nukta ni pale mwali unapogonga kibao. Ikivuta kushoto, anairudisha. Ikififia, anaongeza. Kila robo saa anaandika nguvu yake katika kitabu kikubwa. Wengine wamejaribu kazi hiyo na nukta ikawa inawarukia huku na huku, lakini yeye, vidole vyake vikishika vifungo, inatulia. Direkteri wa labo, Papa Balagizi, anasema hajaona mikono ya namna ile, hata kule Ulaya walikompeleka Nshobole miezi minane kujifunza.

Huko Ulaya kwenyewe aliteseka. Watu wa kule wanapitana katika koridoo kimya, kila mutu na kahawa yake. Nshobole akawa anawasimamisha mumoja mumoja, akiuliza habari ya wazazi. Wiki ya kwanza walimukimbia. Mwezi wa nane, alipoondoka, walipanga mustari kumupa mukono, na muzee mumoja profesa akamuelezea habari ya goti lake kwa dakika ishirini.

Basi, shida ni mulango. Mule ndani umeme ni wa kuua mutu, kwa hiyo waliotengeneza mashini waliweka ulinzi: mulango wa chuma ukifunguka tu, hata kiasi cha paka kupita, umeme unajikata wenyewe. Pap! Mwali unakufa. Kuufufua ni dakika arobaini. Na kwa kuwa jengo letu ni dogo, meza ya vifungo nayo iko nyuma ya mulango ule ule mumoja. Huko Ulaya mulango wa namna hiyo unaweza kukaa siku tatu haujaguswa. Lakini hapa ni Goma. Mutu akijua kwamba dada yake, au jirani, au tu mutu aliyewahi kukaa karibu naye kanisani, yuko nyuma ya ule mulango, apite bila kumusalimia? Atakuwa mutu wa aina gani?

Kwa hiyo walifungua. Mama Dorine mwenye kuuza avoka mbele ya barabara alifungua. Padiri alifungua. Maharusi walifungua, na magauni yao, wakitoka kanisani. Papa Moïse, sentinelle, ambaye kazi yake ni kuzuia watu wasifungue, alikuwa anafungua ili amwambie Nshobole kwamba amezuia mutu asifungue. Na mubaya kuliko wote alikuwa Direkteri mwenyewe. Kila siku saa nne Papa Balagizi alikuwa anaingiza kichwa na kusema kwa furaha, "Naona leo mwali unaendelea vizuri!" Pap.

Na Nshobole? Hakumukasirikia hata mumoja. Alikuwa anasimama, anatoa mukono, anauliza habari ya nyumbani. Kisha anakaa chini na kuandika katika kitabu, pale kwenye sanduku la sababu ya kukatika: salamu.

Mambo yangeendelea hivyo kama si barua. Barua ilitoka Kinshasa: Inspecteur, mukaguzi, atakuja. Mwali usimame imara saa nane mfululizo, toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi, bila kukatika hata mara moja, na nukta isitoke ndani ya duara. Ukisimama, labo itapata ruhusa na Nshobole atakuwa mukubwa wa mwali, na cachet yake, muhuri kabisa, na jina kwenye mulango. Usiposimama, mashini itarudi ndani ya masanduku yake kumi na moja na kupelekwa muji mwingine. Nshobole naye atarudi kufundisha fizika kama zamani, akichora mashini ubaoni kwa chaki mbele ya watoto themanini ambao hawatamuamini.

"Béné, mwanangu," Papa Balagizi akamuambia, "siku hiyo moja tu. Usisalimie mutu."

"Siku nzima, Papa?"

"Saa nane."

"Na mutu akija mulangoni akiniita jina?"

"Unanyamaza."

Nshobole akaangalia mikono yake na machozi yakamulenga. Musimucheke. Ile tabia yake haikutoka hewani, na kwa sababu mimi najua ilitoka wapi, nitawaambia.

Mwaka wa 2002, mwezi wa kwanza, Nshobole alikuwa na miaka nane. Baba yake alikuwa karani wa douane, ushuru wa mupakani, aliyeletwa hapa kutoka upande wa Bukavu. Karibu na parcelle yao, kiwanja cha nyumba, aliketi muzee mumoja, Munyakazi, fundi wa kushona viatu. Kila asubuhi mutoto akienda masomo, muzee aliinua mukono: "Jambo, binti karani!" na mutoto alimupa wake, na muzee alimuuliza mambo mazito kabisa, kama vile ameota nini na kama mwalimu ameoga. Siku ambayo volkano iliteremuka na moto ukaingia muji, watu wote walikimbia barabarani wakielekea Gisenyi, ng'ambo ya mupaka. Mama yake Nshobole alimukamata mukono wa kushoto na kumuvuta. Mukono wa kuume ulikuwa na sufuria ya maharagi, iliyotolewa motoni vile vile, haijaiva. Wakapita mbele ya muzee Munyakazi, ambaye alikuwa anakusanya viatu vya watu kwenye gunia. Muzee akainua mukono. "Jambo, binti karani!" Nshobole hakuwa na mukono hata mumoja wa kumupa. Na mudomo, kwa woga, ulikataa. Walipita.

Waliporudi, pale kwa muzee palikuwa jiwe jeusi lenye kutoa moshi, limefunika hadi madirisha. Munyakazi hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Nshobole hapiti mutu. Sasa munajua.

Inspecteur Ézéchiel alifika siku ya Alhamisi, bwana murefu, suti ya kahawia, viatu vya kung'aa ambavyo vumbi letu lilivimaliza kabla hajafika kwenye ofisi. Aliingia mahali palipokuwa na watu kumi na mumoja na akasema mara moja tu, "Bonjour à tous." Halafu akakaa. Nshobole akamuangalia kama mutu aliyeona kuku anaendesha pikipiki. Salamu ya jumla! Kama mutu ananunua misumari!

Inspecteur akafungua kitabu kikubwa na kusoma sababu za kukatika. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavua miwani.

"Direkteri. Hii mashini yenu imekatika mara arobaini na moja kwa sababu ya salamu. Salamu ni nini?"

"Ni... ni mambo ya hapa kwetu, Inspecteur."

"Hapa imeandikwa, salamu na ndizi."

"Hiyo ni siku Mama Dorine alikosa avoka," Nshobole akasema.

Inspecteur hakucheka. Akaandika kitu katika kikaratasi chake na kusema kesho saa mbili kamili.

Ijumaa asubuhi Nshobole alitoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, kichwa kimefungwa kitenge, akipitia njia ya nyuma, ile ya wenye haraka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Huko alikutana na watu wote waliokuwa wanamukimbia siku zote. Wee! Aliwasalimia wote, akachelewa nusu saa. Lakini saa mbili kamili mulango ulifungwa, mwali ukasimama, nukta ya kijani ikakaa katikati ya duara. Nje, katika koridoo, Inspecteur aliketi kwenye kiti mbele ya télé ambayo wafanyakazi wanaangaliamo mupira, na ambayo siku hiyo ilionyesha nukta na duara lake tu. Papa Moïse alisimama kwenye mulango na fimbo.

Hadi saa nne, amani. Saa nne Papa Balagizi alisimama kutoka ofisini kwake kwa mazoea, akatembea hadi mulangoni akitabasamu, akanyoosha mukono kushika kishikio. Fimbo ya Papa Moïse ikamupiga vidole. Direkteri akasema asante na kurudi.

Saa tano akaja Mama Dorine, na beseni ya avoka.

"Béné yuko?"

"Yuko, lakini hasalimiwi," Papa Moïse akasema.

"Hasalimiwi namna gani? Amekufa?"

"Yuko katika mutihani."

Mama Dorine akasogea karibu na chuma na kupaza sauti ambayo hata mashini ilisikia. "Béné! Ni mimi! Tangu umekuwa mutu wa mwali hunijui tena? Hata jambo?"

Ndani, Nshobole alisikia kila neno. Akauma midomo. Miguu yake ilisimama yenyewe, akaikalisha. Moyo ulimuuma kweli, na ile sufuria ya maharagi ikamurudia mukononi na joto lake lote. Hapo vidole vyake vikiwa juu ya kifungo cha kuteremusha mwali, vikafanya kitu bila kumuuliza. Vikakizungusha kidogo sana. Nukta ikashuka taratibu, ikakaribia wino wa duara, ikangoja kidogo, ikapanda tena mahali pake.

Katika koridoo, Mama Dorine alikuwa amegeukia télé. Beseni ikamutoka mukononi.

"Nukta yake imeinama! Mumeona? Ameniinamia! Béné, jambo sana!"

Nukta ikashuka tena, ikapanda.

"Habari ya watoto?"

Nukta ikatikisika kushoto na kuume, kidogo, namna ya kusema si mubaya.

Basi, Katoyi unaijua. Mama Dorine hakuuza avoka tena siku hiyo. Alishuka barabara yote akisema kwamba Béné amefundisha umeme kusalimia. Saa sita, koridoo ilikuwa imejaa. Papa Moïse aliona fimbo haitoshi, akashika simu ya ndani na kuanza kumutangazia Nshobole kila anayefika, kwa sauti ya mutu wa kuongoza harusi. "Béné, huyu ni Habarurema, kinyozi, umushushie ya kawaida tu. Béné, huyu ni Mama Marie-Claire wa kwaya. Amekuja na kwaya. Béné, angalia sana, huyu ni muzee, shuka hadi chini!" Na nukta ilishuka hadi chini, ikagusa wino bila kuuvuka, ikakaa pale kwa heshima, ikapanda. Vijana ilikuwa inawatikisa haraka haraka, toka upande hadi upande. Padiri ilimuandikia musalaba. Kwaya ikaimba, na nukta ikazunguka duara lote mara mbili. Mwenye chukudu mumoja aliinua kofia, akaondoka na kurudi, akasalimia tena, kwa sababu, alisema, mara ya kwanza alikuwa hajajipanga.

Inspecteur Ézéchiel aliandika, alipima, aliangalia saa. Kila mara nukta ikishuka aliinuka kidogo kwenye kiti, akitazama kama itavuka wino. Haikuvuka. Saa nane, saa tisa, saa tisa na nusu. Watu wakaanza kurudi nyumbani kupika. Zilipobaki dakika nane, koridoo ilikuwa na yeye peke yake na Papa Moïse, ambaye sauti ilikuwa imemukauka.

Inspecteur akasimama mbele ya télé. Akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Akarekebisha kravati.

"Bonjour, madame," akasema chini chini.

Papa Moïse akanong'ona katika simu: "Béné. Ni yeye."

Nukta ikashuka. Ikashuka polepole kuliko ilivyoshuka kwa padiri, ikafika kwenye wino, ikakaa. Ikapanda. Kisha, kwa sababu Nshobole ni Nshobole, ikatikisika kidogo kumuuliza kama amelala vizuri.

Uso wa Inspecteur ukafunguka wote. Meno yake yakaonekana kwa mara ya kwanza tangu atoke Kinshasa. "Mama yangu wee!" akasema, "huyu mwanamuke!" na akaruka hatua mbili, akashika kishikio cha mulango, akaufungua na kuingia akinyoosha mukono. "Madame Nshobole, félicitations! Hongera!"

Pap.

Giza kwenye skrini. Giza kwenye télé. Inspecteur alisimama pale na mukono hewani. Nshobole akaangalia ule mukono, akaangalia saa ya ukutani: saa kumi kasoro dakika saba. Alitaka kulia, akalia. Lakini mukono ulikuwa mbele yake, kwa hiyo akalia akiwa ameushika, na akauliza habari ya nyumbani.

Papa Balagizi alikuja mbio na kukuta watu wawili wanapeana mukono na mwali umekufa, akakaa chini kwenye simenti. Inspecteur akachukua kitabu kikubwa mwenyewe. Jasho lilikuwa linamuteremuka. Pale kwenye sanduku la sababu akaandika kwa herufi kubwa: SALAMU. INSPECTEUR. Akatia sahihi.

"Siwezi kusema uongo katika kitabu," akasema. "Mwali haukutimiza saa nane zote. Lakini kosa ni langu. Nitaahirisha ndege yangu. Siku ya Jumanne tunaanza upya, na mulangoni nitakaa mimi."

Akakaa. Jumanne saa mbili, Inspecteur Ézéchiel aliweka kiti chake kikagusa mulango na mugongo wake ukawa juu ya chuma. Bahati mbaya yake, habari ilikuwa imezunguka kwa siku nne. Walikuja watu wa Katoyi, wa Himbi, wa Majengo. Walikuja kusalimia nukta, na kwa kuwa mutu mwingine alikuwa ameketi mbele ya mulango, hawakuweza kumupita. Wote walimupa mukono. Kabla ya muchana mukono wake wa kuume ulikuwa umechoka, akatumia wa kushoto na kuomba radhi. Alijifunza maswali. Saa saba nilimusikia kwa masikio yangu akimuuliza Mama Dorine habari ya goti la mume wake.

Na nukta ikainama, ikatikisika, ikapanda. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Ndani, Nshobole alikuwa na njaa, shingo imekauka, lakini moyo wake ulikuwa mutulivu. Zilibaki dakika kumi na mbili.

Ndipo simu ya ndani ikalia. Sauti ya Papa Moïse haikuwa ile ya harusi.

"Béné. Kuna muzee hapa ametoka Gisenyi. Ana fimbo na gunia. Anasema wanawake wa soko walimuambia binti ya karani Nshobole anasalimia watu sasa." Akauliza kitu pembeni, akarudi kwenye simu. "Anasema wewe ulimupita."

Nshobole alikuwa ameshasimama.

"Anaitwa Munyakazi," Papa Moïse akasema.

Gisenyi! Unatembea, unavuka barrière ya mupaka, umefika! Miaka ishirini na zaidi Nshobole alimulilia mutu ambaye pikipiki ingemufikisha kwake kwa nusu saa. Hakuwa amewaza kumutafuta ng'ambo, kwa sababu nani anatafuta mutu aliyefunikwa na jiwe? Aliona mulango. Hatua nne. Mukono wake ulikuwa umeshatangulia mbele. Angefungua, pap, na masanduku kumi na moja, na chaki, na watoto themanini. Na alikuwa tayari, nawaambia kweli, alikuwa tayari kabisa. Lakini katika skrini nukta ilikuwa imeanza kuvuta kushoto, kama kawaida yake ikiachwa. Ikakaribia wino. Vidole vya Nshobole viliikimbilia, vikairudisha. Akakaa. Akaishusha nukta chini kabisa, chini kuliko siku zote, akaiacha pale, akilia kwa sauti.

Nje, muzee Munyakazi aliangalia télé, kichwa upande.

"Hiyo ni nini?"

"Ni yeye, muzee. Anakuinamia," Papa Moïse akasema.

"Hiyo ni taa. Mimi nilimunyooshea mukono, si taa." Akachukua gunia lake. "Mwambieni nilifika. Barrière inafungwa, mimi naenda."

Akageuka. Na hapo Inspecteur Ézéchiel, mutu wa bonjour ya jumla, alisimama kutoka kwenye kiti, akamufikia kwa hatua mbili ndefu, na kumukamata mukono.

"Jambo, muzee."

"Jambo."

"Umeamukaje?"

"Vizuri."

"Na nyumbani?"

"Hawajambo. Niachie, mwanangu."

"Watoto wangapi?"

"Sita. Barrière..."

"Wa kwanza anaitwa nani?"

Nilisema mukono wa Inspecteur ulikuwa umechoka. Ulikuwa umevimba. Lakini haukuachia. Alimuuliza muzee watoto wote sita majina na tabia zao. Aliuliza wakwe. Aliuliza ng'ombe, akaambiwa hakuna ng'ombe, akauliza kwa nini. Aliuliza kama mvua ya Gisenyi inafanana na ya Goma. Muzee, ambaye mwanzo alikuwa anavuta mukono, akaanza kujibu, kwa sababu mutu akikuuliza vizuri unafanya nini? Alipofika kwenye mambo ya viatu, na jinsi viatu vya sasa havishonwi, vinabandikwa gundi tu, gunia lilikuwa limeshawekwa chini. Papa Moïse alikuwa anahesabu dakika kwa vidole nyuma ya mugongo wa muzee. Tatu. Mbili. Moja.

Kengele ya saa kumi ikalia, na kabla haijamaliza mulango wa chuma ulifunguka. Pap, mwali ukafa, na hakuna aliyeuangalia. Nshobole alitoka mbio, kitenge kimelegea, uso wote maji. Inspecteur akaachia mukono wa muzee, akarudi nyuma kwenye kiti chake na kuanza kuukanda ule wa kwake.

Muzee Munyakazi akamutazama mwanamuke mukubwa yule aliyesimama mbele yake. Halafu akainua mukono, taratibu, namna ile ile.

"Jambo, binti karani."

Nshobole akampa mikono yote miwili, akainama hadi paji la uso wake likagusa vidole vya muzee. Yeye, mwenye maswali ya saa moja na nusu kila asubuhi, hakupata hata moja.

Kwa hiyo muzee ndiye aliuliza. Alifikiri kidogo, kwa sababu lilikuwa jambo zito na alikuwa amelibeba muda murefu.

"Ile maharagi yenu ya siku ya moto," akasema. "Iliiva?"

"Hapana, muzee," Nshobole akasema. "Tulikula vile vile."